Mbuzi Wazima, Ila...

Asubuhi moja ya Jumanne naikumbuka vizuri kuliko harusi yangu, mwanangu, na harusi yangu ilikuwa na vigelegele mpaka mtaa wa Gerezani walisikia. Nilikuwa nimeinama uani nafagia kinyesi cha mbuzi, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani, nikasikia hodi mlangoni. Hodi ile niliipokea kwa furaha. Ningejua, ningejifanya sipo.

Lakini kaa kwanza. Acha kuangalia mlango, hakuna anayekufukuza.

Jana ulinijia mbio kutoka Mchikichini, hata furushi la viatu vya kuuza hujalitua begani, ukaniambia: "Bibi, kuna rafiki yangu anahamia Dodoma. Ana mbuzi wanane, ananiachia wote bure. Niwalete hapa uani kwako wakae na wa kwako. Wana kikohozi kidogo tu, kinapita." Ukasema anaondoka Ijumaa na anataka jibu. Mimi nikakwambia nenda, urudi leo. Nimesikia umemwambia mkeo kwamba Bibi siku hizi ana hasira za bure. Sikukasirika, Shabani. Nilishtuka, kwa sababu maneno hayo hayo niliwahi kuletewa, nikayajibu vibaya, na waliolipia si mimi peke yangu.

Basi sikiliza, halafu jibu utalipata.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Tulikuwa tumepanga Kariakoo, hatua chache kutoka sokoni, nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati na uani nyuma. Ukienda leo utakuta ghorofa, chini wanauza masufuria na makava ya simu, hujui hata watu walilala wapi. Uani pale ndipo tulipopikia, tulipofulia, tulipogombana, na ndipo tulipofugia. Mimi nilikuwa na mbuzi wanne. Kila asubuhi nilikwenda sokoni na kiroba, nikaokota majani ya kabichi wanayobandua wachuuzi, maganda ya ndizi, mihogo iliyovunjika. Wachuuzi wakaniita Mama Mbuzi, na mimi nikiitwa hivyo nilikuwa natembea nimeinua shingo, ungedhani nimepewa wilaya.

Chumba kilichotazamana na changu alikaa Bi Tatu. Mrefu, mkavu, mchoma vitumbua, hasemi sana. Alikuwa na mbuzi mmoja tu, mweupe, jina lake Subira. Yule hakuwa mbuzi wa kujivunia. Binti yake Bi Tatu alifariki siku ya kujifungua, akaacha kichanga, na kichanga kile kilikataa kila kitu isipokuwa maziwa ya Subira, yakichemshwa na kuongezwa maji kidogo. Maziwa ya kopo miaka ile ulikuwa unayasikia tu kwa watu. Kwa hiyo asubuhi na jioni Bi Tatu anachuchumaa, anakamua, anachemsha, anamnywesha mjukuu wake kwa kijiko.

Mjukuu huyo ni mama yako. Ndiyo, shtuka. Huyo huyo Mama Shabani anayekugombeza mpaka leo kwa kutokula mboga. Wakati ninaokusimulia alikuwa na miezi mitano, mwili mzima unaenea kwenye mikono miwili, na uhai wake wote ulikuwa kwenye chuchu za mbuzi mmoja.

Sasa twende kwenye hodi. Alikuwa Athumani, mtoto wa shangazi yangu, anatoka hapa hapa Magomeni. Alikuwa amepata kazi ya ujenzi Morogoro na anaondoka siku ya pili yake. Amekatisha Jangwani kwa miguu na mbuzi watatu wamefungwa kamba moja, majike wote, wakubwa, mmoja ana masikio marefu yanayoning'inia, mbuzi ambaye mimi nilimtamani tangu nilipomwona. Nilikuwa na binti yangu wa kwanza ambaye hatujamfanyia akika, na Athumani alishaniahidi kwamba nikimtunzia mbuzi wake, mtoto wa kwanza atakayezaliwa ni wangu. Unaona basi nilivyokuwa. Nilishahesabu mbuzi waliokuwa hawajazaliwa.

Nikamkaribisha pale mlangoni. Unajua tunavyosalimiana sisi.

"Habari za Magomeni?"

"Nzuri, dada."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Na hawa wageni wangu, wazima?"

"Wazima, alhamdulillah, ila..."

"Ila nini na wewe! Ingia, chai ipo mezani. Mbuzi wapeleke uani."

Hapo, mwanangu. Hapo ndipo nilipoharibu kila kitu, na ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Maana wewe ni Mswahili, unajua. Sisi mtu akiulizwa habari hawezi kusema mbaya. Nyumba inaungua atasema nzuri. Baba kalazwa Muhimbili atasema nzuri, ila baba kalazwa. Ndiyo adabu yetu, tumelelewa nayo, na sina ugomvi nayo. Lile neno la kwanza ni heshima tu, ni kama kuvua viatu mlangoni. Habari yenyewe inakuja baada ya "ila". Mtoto wa miaka sita anajua hivyo. Na mimi nilijua. Nilimwona Athumani anavyoinamisha macho, nilimwona anavyovuta pumzi ili aseme, nikamkata. Sikumkata kwa bahati mbaya, usije ukanitetea. Nilimkata kwa sababu nilikuwa sitaki kusikia. Nilikuwa namwangalia mbuzi wa masikio marefu.

Athumani naye kijana mpole, tena ni mgeni kwa dada yake. Akanywa chai, akaaga, akaenda zake. Pale mlangoni akageuka kama anataka kusema kitu. Nikampungia mkono.

Bi Tatu akarudi kutoka kwenye vitumbua vyake, sinia tupu kichwani. Akasimama uani, akawatazama mbuzi watatu wapya. Mmoja akakohoa. Kikohozi chenyewe kikavu, kifupi, kama mtu anayebisha hodi kwa haya.

"Mwajuma," akaniita, "hawa wageni wazima?"

"Wazima, Bi Tatu."

"Huyo mbona anakohoa?"

"Vumbi la Jangwani, Bi Tatu. Wametembea."

Kwa macho makavu kabisa. Sikuona hata haya. Na yule mama aliniamini, maana sijawahi kumdanganya hata siku moja. Akamchukua Subira wake akamfunga kwenye kigingi chake cha kila siku, hatua mbili kutoka kwa wale wageni. Uani wenyewe mdogo, utampeleka wapi? Pumba tulikuwa tunaweka kwenye beseni moja, wote wanakula pua kwa pua.

Siku zikapita, kimya. Kikohozi kikawa kinakuja na kuondoka. Mimi nikawa nakwenda sokoni na viroba viwili badala ya kimoja, najisifu kwa wachuuzi kwamba sasa nina mbuzi saba. Kijana wa mihogo akaniambia, "Mama Mbuzi, utatununua sote." Nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Wiki ya pili haijaisha, mbuzi wangu wa kwanza akagoma kula. Nikamkuta amesimama miguu ya mbele ameitanua, viwiko nje, shingo ameinyoosha mbele, anavuta pumzi kwa kuguna. Kamasi puani. Mwili unawaka moto. Nikamkandakanda, nikamnywesha maji ya chumvi, nikamsomea. Kesho yake mchana akafa. Akafuata wa pili. Akafuata yule wa masikio marefu, mbuzi wa watu, amana niliyopewa. Nikaanza kuogopa kufungua mlango wa uani. Nilikuwa nausukuma taratibu, nachungulia kwanza nione ni nani amelala chini.

Halafu Subira.

Siku ile nilikuwa nafua. Bi Tatu amechuchumaa, sufuria kati ya miguu, anakamua. Nasikia kimya. Kawaida unasikia yale maziwa yanavyopiga chini ya sufuria. Nikageuka. Anavuta chuchu, anavuta, yanatoka matone mawili, matatu, basi. Subira anaguna, shingo ameinyoosha vile vile kama wenzake. Ndani mtoto analia. Akaweka sufuria chini, akaweka kichwa chake kwenye ubavu wa yule mbuzi. Mimi nina shati la mume wangu mkononi, linachuruzika maji.

Subira alikufa siku ya pili yake, saa nne asubuhi.

Mwenye nyumba ndiye aliyemleta bwana mifugo. Alikuja na mabuti na mkoba, akawapima waliobaki, akawasikiliza kifuani, akatingisha kichwa. Akasema hii ni homa ya mapafu ya mbuzi, inapita kwa pumzi, mbuzi mmoja anamkoholea mwenzake na wote wanakwenda. Wapangaji wote tumesimama pale uani. Akauliza, "Nani ameingiza mbuzi wageni hapa?"

Nikasema ni mimi.

"Walipoingia walikuwa wazima?"

Nikasema, "Mwenyewe aliniambia wazima."

Ni kweli, si kweli? Athumani alisema "wazima". Hata mahakamani ningeapa. Bwana mifugo akaandika kwenye daftari lake, akatuambia mbuzi yeyote asitoke wala asiingie mpaka atakaposema yeye, akaenda. Watu wakatawanyika. Nikabaki na Bi Tatu, mama yako yuko mgongoni kwake, amelia mpaka sauti imekauka.

Akaniuliza polepole, "Alisema wazima. Halafu akasema nini?"

Nikajifanya nakusanya nguo za kufua.

"Mwajuma, mimi nimezaliwa hapa hapa Dar es Salaam. Sijapata kumwona Mswahili akasema mzima akaishia hapo. Ila yake umeipeleka wapi?"

Wallahi, mwanangu, mume wangu alishawahi kunigombeza, mama yangu alishawahi kunichapa na mwiko, lakini sijapata kuchapwa kama lilivyonichapa swali lile. Nikashuka chini pale pale kwenye sakafu yenye maji ya nguo, nikaangua kilio. Nikamwambia yote. Kwamba alitaka kusema nikamkata. Kwamba yeye mwenyewe aliponiuliza niliona kabisa kuwa si vumbi.

Akanitazama bila kunishika bega. "Athumani umemziba mdomo, hilo ni lako na yeye," akasema. "Mimi nilikuuliza mwenyewe, kwa mdomo wangu. Ungeniambia anakohoa na hujui ana nini, Subira ningemlaza chumbani kwangu, na mimi ningelala mlangoni. Umeninyima hata hiyo nafasi." Halafu akasema, "Usinililie. Nenda katafute maziwa."

Nikaenda. Nilizunguka mitaa ile kanga imenidondoka, sijui hata kama nilivaa ndara zilizofanana. Mwishowe nikapanda ngazi za Mama Nilesh. Alikuwa mama wa Kihindi, Mhindu, yeye na mumewe wana duka la vitambaa na wanakaa juu yake. Watu wa mboga tu, hawagusi hata yai, lakini maziwa ya ng'ombe waliletewa kila asubuhi na muuza maziwa kwa baiskeli. Tulikuwa tunajuana kwa salamu tu na kwa kanga nilizowahi kununua.

Akafungua mlango. "Habari, Mwajuma?"

Mdomo wangu ukasema nzuri, wenyewe, kwa mazoea. Nikapiga moyo konde. Nikasema, "Nzuri, mama, ila nimemuulia mjukuu wa Bi Tatu mbuzi wake wa maziwa. Mtoto hana cha kunywa, na kosa ni langu."

Hakuniuliza zaidi. Akaingia jikoni, akarudi na kisufuria cha shaba, nusu ya maziwa ya siku ile. Akasema, "Wangu wakubwa. Chai ya rangi haiwaui." Na nusu ile alinipa kila siku, mwanangu, mpaka mimi mwenyewe nikawa naona haya kupanda zile ngazi. Watoto wake walikuwa wananichungulia, wanajua wazi kwa nini chai imekuwa nyeusi.

Maziwa ya ng'ombe hayakumkubali mama yako mara moja. Aliharisha. Akakonda, shingo ikawa kama kidole. Kuna siku mbili ambazo Bi Tatu hakwenda kwenye vitumbua, alikaa tu na mtoto mapajani, anamtazama anavyopumua. Mimi nilikuwa nje ya mlango wake siku zote mbili, naosha vyombo ambavyo vilishaoshwa. Siku ya tatu mtoto akanywa, hakutapika. Akalala. Nikamsikia Bi Tatu anavuta pumzi kule ndani, na mimi ndipo nikakaa chini.

Huko uani akabaki mbuzi mmoja tu katika wote. Wangu, Chausiku, mweusi, niliyemlea tangu akiwa mdogo wa kubebwa. Aliumwa akapona. Akaanza kula, akanenepa, manyoya yakang'aa. Kumwona usingeamini aliwahi hata kupiga chafya.

Akaja mfugaji mmoja wa Ilala, kasikia nina jike zuri, anataka akamchanganye na mbuzi wake kumi na kitu. Akamzunguka, akamshika mgongo, akatabasamu. "Huyu mzima kabisa," akasema, na akanitazama nijibu. Mume wangu amesimama pale, ananikodolea macho. Lilikuwa jambo la neno moja tu. Nikasema, "Mzima, ila alikuwa na homa ya mapafu, na wenzake wote wamekufa. Bwana mifugo anasema anaweza kuwa bado anayo." Yule bwana akautoa mkono wake mgongoni mwa Chausiku kama ameshika jiko. Akaaga. Mume wangu hakuongea na mimi mpaka siku ya pili. Nilimwacha. Nilikuwa nimeshaamua kwamba neno lile halitaishia tena kooni kwangu, awepo wa kununa au asiwepo.

Ndugu za Bi Tatu wa Bagamoyo wakaleta habari kwamba wana mbuzi jike anayenyonyesha, watamleta kwa ajili ya mtoto. Lakini walisikia yaliyotupata, na wakasema hawamwingizi mbuzi wao kwenye uani wenye mgonjwa. Na wana haki. Nikamwendea bwana mifugo nikamuuliza nifanye nini na Chausiku. Akaniambia, "Ungekuwa na shamba ungemtenga mbali. Hapa kwenu hakuna pa kumtenga. Unaweza kumchinja, nami nitakuja kuikagua nyama. Lakini siwezi kukuamulia, mbuzi ni wako."

Bi Tatu hakuniambia nimchinje. Hakuna aliyeniambia. Nilimpeleka Chausiku mwenyewe mpaka kwenye kivuli cha ukuta, nikamshika miguu, mume wangu akachinja. Nililia, ndiyo, nililia sana, na nilimshikilia.

Bwana mifugo alipofungua kifua, akaniita. "Njoo utazame, mama." Pafu moja lilikuwa jekundu, laini. La pili limegandana na mbavu, ameling'oa kwa kisu, na ndani yake kuna kitu kigumu ukubwa wa ndimu. Mbuzi aliyekuwa anaruka ruka, anang'aa! Nyama akaipitisha, akasema inafaa kuliwa, mapafu tukayafukia. Mimi sikuweza kumeza hata tonge. Kile kitu kigumu nilikitazama vizuri, kwa sababu nilitaka nisije kusahau kwamba kwa macho tu nisingekijua kamwe.

Tukasugua uani ule. Tukapaka chokaa, tukachoma vigingi na beseni, tukakaa wiki nyingi bila mbuzi hata mmoja, mpaka bwana mifugo akasema sasa. Ndipo jike la Bagamoyo likaja, mama yako akapata maziwa yake, akaota mashavu.

Athumani aliporudi kutoka Morogoro nilimwendea mimi kabla hajanijia. Kumbe wawili walishamfia kabla hajaniletea hao watatu. Akasema, "Nilitaka kukwambia, dada." Nikamwambia najua, na ni mimi niliyekuzuia. Tukasameheana. Yeye pia alisema angeweza kuinua sauti.

Sasa wewe.

Wale mbuzi wanane hapana. Hawaingii uani kwangu, hawaingii kwa jirani yangu, wala usiende kuwaficha kule nyuma ya kibanda cha mkweo, nakujua. Na usikimbilie kukataa kwa simu ukajiona umemaliza. Leo hii nenda kwa rafiki yako, mkae chini, umuulize vizuri: ni wangapi walikufa kabla ya hawa? Kikohozi kimeanza lini? Halafu unyamaze, umwache aseme mpaka mwisho, hata kama anachosema kinakuharibia. Nyinyi vijana siku hizi hiyo "ila" mmeshaikata kabisa. Mambo? Poa. Vipi? Freshi. Kila mtu poa, kila mtu freshi, hata aliyefukuzwa nyumba yuko freshi! Mtu anayetaka kusema jambo zito atalichomeka wapi hapo?

Mwitieni daktari wa mifugo awaone mbuzi hao hapo hapo walipo, wasisogezwe hata hatua. Akisema watibiwe, utakwenda kumsaidia kuwalisha huko huko, ukitoka unaoga na kubadili nguo kabla ya kuja kwangu. Akisema wachinjwe, utawashika miguu. Na kama hayo hayataisha kabla ya Ijumaa, safari yake aiahirishe. Akitaka kuwapa watu wengine kimya kimya, mwambie wewe utawafuata hao watu na kuwaambia. Atakasirika. Akasirike. Mimi nitakwenda nawe ukiona miguu mizito.

Nikushauri nini zaidi, mwanangu? Ukiuliza jambo, ngoja jibu liishe. Ukiona nafsi yako inaharakisha kumnyamazisha mtu, ujue kuna kitu unakitamani hapo, na hicho ndicho cha kukiogopa kuliko ugonjwa. Na ukiulizwa wewe, usiache nusu ya jibu tumboni. Mwenye kukuuliza ana wa kwake nyumbani anayemlinda, na huenda humjui.

Hayo ni rahisi kuyasema. Lipo moja gumu, na nimelikawiza makusudi.

Mama yako hajui. Bi Tatu alinisitiri mpaka anaingia kaburini, hakumwambia mjukuu wake kilichomuua Subira. Mama yako anachojua ni kwamba ulipita ugonjwa, na kwamba Bi Mwajuma alizunguka Kariakoo nzima akimtafutia maziwa. Hilo amehadithiwa na wapangaji wenzetu, na ni kweli, ila ni nusu. Kila Idi ananiletea doti ya kanga. Anawaambia watu mbele yangu, "Huyu ndiye aliyeniokoa." Na mimi nakaa pale, napokea kanga, natabasamu. Zaidi ya miaka arobaini, Shabani. Nimepokea shukrani za mtoto niliyekaribia kumuua kwa tamaa yangu ya mbuzi wa masikio marefu.

Jana ulipoondoka nilijiuliza, nitamkataza kijana wa watu kwa mdomo gani?

Kwa hiyo nimeshaoga, nimeshavaa, kama unavyoniona. Tukitoka hapa tunaanzia kwa mama yako, halafu ndiyo unakwenda kwa rafiki yako. Nitamwambia yote mwenyewe, tangu mlangoni mpaka kwenye vumbi la Jangwani, na wewe hutanisaidia hata neno moja. Akilia, nitakaa naye. Akitaka kanga zake, zimo sandukuni, nyingi sijazivaa. Akinifukuza, nitarudi nimefukuzwa, lakini atakuwa ameipata habari yake nzima, na ni haki yake tangu akiwa na miezi mitano.

Mungu akujaalie, mwanangu, masikio yanayovumilia na ulimi usiokimbia. Akulindie mkeo na watoto wako, akupe jirani wa kukwambia ukweli na kifua cha kuupokea. Riziki yako iwe safi, itembee kwa miguu yake yenyewe mpaka mlangoni kwako, na asiumie mtu kwa ajili yake. Amina.

Haya, nipe mkono niinuke. Twende kabla mama yako hajaanza kupika.